Vyuo Vinapohama: Kutoka Portland 1915 Hadi Kuvunjika kwa Pac-12

Muhula uliopita mhadhiri wetu wa historia alitutaka kila mmoja aandike insha kuhusu uhamaji. Wenzangu walichagua mada zilizozoeleka: kusambaa kwa Wabantu, safari ya Waluo kufuata Mto Naili, Wangoni kuvuka Zambezi. Mimi nilichagua vyuo vikuu vya Marekani vilivyohama mwaka 2024 bila kusogeza hata tofali moja. Darasa lilicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Nani alihama, na nani aliachwa?" Insha hii ni jaribio langu la kulijibu.

Sikuichagua mada hii kwa mzaha. Natoka Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na binamu yangu alipata ufadhili wa masomo kwa miguu yake: anakimbia katika chuo kimoja cha magharibi mwa Marekani ambacho sitakitaja. Agosti 2023 alinipigia simu usiku akasema, "Dada, wametuhamisha." Nilidhani amefukuzwa bwenini. Akanieleza kwamba chuo kipo palepale, kitanda chake kipo palepale. Waliobadilishwa ni wale wa kushindana nao. Nilimpa pole bila kuelewa nampa pole ya nini. Nimekuja kuelewa baada ya kusoma.

Mkutano uliogeuka shirikisho

Nchini Marekani michezo ya vyuo huendeshwa kwa mashirikisho. Shirikisho ni umoja wa vyuo kadhaa vinavyokubaliana kucheza pamoja kila mwaka, kufuata kanuni zilezile na kugawana mapato. Wamarekani wenyewe huuita umoja huo kwa neno lao lenye maana ya mkutano, na jina hilo lina sababu. Januari 1895 marais wa vyuo saba vya eneo la Maziwa Makuu ya Marekani walikutana katika hoteli moja mjini Chicago kuzungumzia namna ya kuidhibiti futiboli ya Kimarekani, mchezo uliokuwa umejaa fujo na wachezaji wa kukodiwa wasiosoma chochote. Mwaka uliofuata wakaunda umoja ambao leo unajulikana kama Big Ten, yaani Kumi Kubwa. Jambo la kukumbuka ni kwamba shirikisho lilianza kama kazi ya walimu. Lengo lilikuwa kuuweka mchezo chini ya masomo.

Upande wa Pasifiki walifuata njia hiyohiyo. Desemba 1915, katika mji wa Portland, vyuo vinne viliunda shirikisho la pwani: California, Washington, Oregon, na chuo cha kilimo ambacho leo ni Oregon State. Chuo cha Washington State, kilichopo katika mji mdogo wa Pullman katikati ya mashamba ya ngano, kiliingia mwaka 1917. Baadaye vikaja Stanford, vyuo viwili vya Los Angeles (USC na UCLA), Idaho na Montana. Wengi wa wanachama walikuwa majirani waliofikiana kwa treni, na ujirani ndio uliozaa upinzani. Mtu wa Oregon humcheka mtu wa Oregon State kama mtu wa Gor Mahia anavyomcheka wa AFC Leopards.

Funzo la 1959

Nilipoanza utafiti nilitaka kuandika kwamba mwaka 2023 fedha za televisheni ziliharibu umoja uliokuwa safi. Methali ilikuwa tayari mdomoni: mwacha asili ni mtumwa. Kisha nikasoma habari za 1959, na hoja yangu ikaanguka.

Mnamo 1956 iligundulika kwamba baadhi ya vyuo vya shirikisho la Pasifiki vilikuwa vikiwalipa wachezaji kwa siri kupitia mifuko ya wafadhili. Adhabu zilitolewa, lawama zikarushwa, na kufikia katikati ya 1959 shirikisho lilivunjwa. Mwaka huohuo vyuo vitano vikubwa, yaani California, UCLA, USC, Washington na Stanford, viliunda umoja mpya. Vyuo vya miji midogo viliachwa nje. Washington State ilisubiri hadi 1962 kuingizwa. Oregon na Oregon State, waasisi wawili wa mkutano wa Portland, walisubiri hadi 1964. Idaho haikuitwa tena. Chuo hicho kiko kilomita chache tu kutoka Pullman, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, lakini ujirani haukukisaidia.

Umoja huo mpya ndio uliokua na kubadilisha jina: Pac-8 mwaka 1968, Pac-10 mwaka 1978 vilipoingia vyuo viwili vya Arizona, na Pac-12 mwaka 2011 vilipoingia Colorado na Utah. Kwa hiyo shirikisho lililoliliwa mwaka 2023 lilikuwa lenyewe limezaliwa kwa kuwaacha wengine nje. Mwanahistoria hawezi kuisoma 2023 bila kuisoma 1959.

Wakimbiaji wetu huko Pullman

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu historia hii inapita nyumbani. Katika miaka ya 1970 kocha wa riadha wa Washington State, John Chaplin, alianza kuwachukua vijana kutoka Kenya. Pullman haikuwa na jina kubwa wala hali ya hewa ya kuvutia, na vijana waliokulia nchi ya milima hawakuijali baridi. Samson Kimobwa alikuwa mwanafunzi wa hapo alipovunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Aliyemfuata ni Henry Rono, kijana wa Nandi.

Mwaka 1978, ndani ya siku 81, Rono alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za mwisho alizivunjia Vienna na Oslo. Mbili za kwanza alizivunjia Berkeley na Seattle, yaani katika miji ya vyuo vya California na Washington, wapinzani wa shirikisho lake. Mjomba wangu, aliyekuwa akisikiliza redio ya Kenya kutoka upande wetu wa mlima, bado anaweza kuzitaja hizo rekodi kwa mpangilio, na kila akizitaja anaongeza kwamba lugha ya Rono na yetu ni za ukoo mmoja. Kenya ilipogomea Olimpiki za 1976 na 1980, Rono alikosa zote mbili. Ukumbi wake mkubwa ukabaki ule wa vyuo. Alifariki Nairobi Februari 2024, katika mwaka wa mwisho wa masomo ambao Pac-12 ya zamani ilikuwa bado hai.

Ninalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, wanaosema habari hizi za Marekani hazituhusu wamesahau ni nani waliokuwa wakikimbia. Pili, mfumo uliompa Rono nafasi ulitegemea mgawanyo wa mapato ambao ulimsaidia mdogo: chuo cha mashambani kilikalia meza moja na vyuo vya Los Angeles.

Kesi ya 1984

Basi kama kuhama si jambo jipya, ni nini kilichobadilika? Jibu langu liko katika hukumu moja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vyote, NCAA, kilidhibiti idadi ya mechi za futiboli zilizoonyeshwa kwenye televisheni. Hofu ilikuwa kwamba watu wangebaki nyumbani na viwanja vibaki vitupu. Chini ya mpango wa miaka ya 1980, timu moja haikuruhusiwa kuonekana zaidi ya mara sita katika miaka miwili. Vyuo vikubwa vilichoka. Oklahoma na Georgia vilishtaki, na Juni 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba mpango huo ulivunja sheria za ushindani wa biashara. Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa futiboli katika Chuo cha Colorado, alipinga. Kwa maoni yake, kuichukulia michezo ya vyuo kama biashara ya kawaida kulipuuza malengo yake ya elimu.

Baada ya hukumu hiyo kila shirikisho liliweza kuuza matangazo yake lenyewe. Thamani ya chuo ikaanza kupimwa kwa idadi ya runinga zinazokifuata, na jirani mwenye watazamaji wachache akawa mzigo. Mfano wa kwanza mkubwa ulikuwa Texas. Shirikisho la Southwest, lililoundwa 1914, lilimpoteza Arkansas mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1996 likafa: vyuo vinne vikaenda kuunda Big 12, vinne vikaachwa vitafute pa kwenda. Kimojawapo cha walioachwa, TCU, kilizunguka mashirikisho matatu kabla ya kupokelewa Big 12 mwaka 2012.

Majira ya joto ya 2023

Juni 2022 USC na UCLA walitangaza kwamba watahamia Big Ten. Wiki chache baadaye Big Ten ilisaini mkataba wa televisheni wa miaka 7 ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 7. Pac-12, ikiwa imepoteza soko la Los Angeles, ilihangaika mwaka mzima kutafuta mkataba wake. Julai 2023 Colorado kilirudi Big 12. Mezani ikabaki ofa ya kampuni ya Apple, ambayo mapato yake yangetegemea idadi ya watu watakaojiandikisha kutazama. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti viongozi walitarajiwa kuikubali; kabla jua halijazama Oregon na Washington vilikuwa vimekwenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vimekwenda Big 12. Tarehe 1 Septemba Stanford na California vikapokelewa na shirikisho la Pwani ya Atlantiki. Big Ten, yaani Kumi, sasa ina vyuo 18.

Wakabaki wawili: Washington State na Oregon State. Ni walewale walioachwa nje 1959. Safari hii hawakusubiri. Walikwenda mahakamani katika wilaya yao wenyewe wakidai kwamba aliyetangaza kuondoka hana haki ya kupiga kura juu ya mali ya nyumba. Novemba 2023 jaji aliwakubalia, na Desemba mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kuingilia. Mwaka 2024 walicheza futiboli kama shirikisho la watu wawili, na michezo mingine mingi wakaipeleka kwa muda katika shirikisho jingine. Baadaye wakaalika wenzao wapya kuanzia 2026.

Nani analipa?

Wanaotetea kuhama wana hoja ambayo haipaswi kudharauliwa. Futiboli ndiyo inayolipia mbio, kuogelea na mpira wa wavu. Chuo kikikosa fedha za televisheni, michezo midogo ndiyo hukatwa kwanza. Mwaka 2025 Washington State yenyewe ilitangaza kuondoa mashindano ya kuruka na kurusha katika timu yake ya riadha, ikabaki hasa na mbio ndefu. Kwa hiyo kubaki nyumbani nako kuna gharama.

Lakini gharama ya kuhama hailipwi na yule anayeamua. Kutoka Los Angeles hadi chuo cha Rutgers, New Jersey, ambao sasa ni wa shirikisho moja, ni karibu kilomita 4,000, zaidi ya mara tatu ya safari ya basi kutoka Kampala hadi Mombasa. Timu ya futiboli hucheza mara moja kwa wiki na hukodishiwa ndege. Binamu yangu naye hakuumia sana, kwa sababu wakimbiaji hukutana na wapinzani wa shirikisho mara chache kwa mwaka. Aliyeumia ni mwenzake wa chumbani, anayecheza mpira wa wavu. Binamu aliniambia: "Dada, anaondoka Jumatano, anarudi Jumatatu alfajiri, na saa tatu ana mtihani. Mimi ndiye namwandikia maelezo ya darasani." Msichana huyo hakuulizwa. Hata makocha wengi walipata habari kupitia simu zao, kama binamu yangu.

Hitimisho

Narudi kwenye swali la mhadhiri. Waliohama ni wenye watazamaji. Walioachwa ni walioko mbali na miji. Hilo lilikuwa kweli 1959 na likawa kweli tena 2023, kwa hiyo si televisheni iliyoleta ubinafsi. Televisheni ilichofanya baada ya 1984 ni kuuondoa ujirani kwenye hesabu. Mwaka 1959 mkubwa alimwacha mdogo, lakini baada ya miaka michache akamhitaji tena, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kucheza naye karibu. Leo mkubwa anaweza kupata mpinzani upande wa pili wa bara, na hana sababu ya kurudi. Umoja ulioanzishwa na walimu ili kuudhibiti mchezo sasa unaamuliwa na ratiba ya runinga.

Sisi tunaosoma Uganda tunapaswa kulielewa hili kwa urahisi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanyika 1970, na Jumuiya ikavunjika 1977, huku moja ya hoja ikiwa ileile: nani anachangia zaidi na nani anafaidi zaidi. Ile methali yangu ya mwanzo bado naiamini, ila nimeongeza swali kabla ya kuisema: asili ya nani, na alipoijenga alimfungia nani mlango?