Kupiga picha ya ndege wa porini kwa karibu: mambo ya kujua kabla ya kuingia msituni

Picha ya ndege kwa karibu ni ile inayoonyesha uso wake: jicho, mdomo, manyoya ya shingoni ambayo karibu uweze kuyahesabu. Wasikilizaji wanaotupigia simu huuliza kama picha ya namna hiyo inawezekana kwa simu ya kawaida, na kama ni halali kuipiga. Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa subira. La pili linategemea uko wapi na unamfanya nini ndege.

Kwa sisi wa Mgwashi na Bumbuli yote, jambo hili si mchezo wa wageni tu. Katika milima yetu yupo kurumbiza wa Usambara, ndege mdogo wa vichaka vya chini msituni, ambaye duniani kote hapatikani nje ya Usambara Magharibi. Yupo pia kwera wa Usambara, anayetafuta wadudu juu kabisa kwenye matawi yenye kuvu na ndevu za miti, na ambaye anaishi katika milima michache tu ya Tanzania. Wote wawili wamo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu misitu yao imekatwa ikabaki vipande vipande.

Zamani, aliyetaka kuthibitisha kwamba ndege fulani yupo mahali fulani alimpiga risasi na kupeleka ngozi makumbusho. Ndivyo elimu nyingi ya ndege wetu ilivyokusanywa, hata wakati wa Reginald Moreau, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kuanzia mwaka 1928 hadi 1946. Ndege mdogo wa Amani mwenye mdomo mrefu alipewa jina lake mwaka 1931, na mwaka 1938 Moreau mwenyewe akampa ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, jina la mkewe Winifred. Siku hizi picha safi yenye tarehe na mahali inaweza kuwa ushahidi, na ndege akabaki hai mtini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ndege wa msituni hapigwi picha kama bwana harusi. Ukimfuata anaruka, ukimfuata tena anahama kabisa. Kanuni ni kumwacha yeye aje. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walilijua hilo zamani sana: walijificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kama ng'ombe aliyesimama malishoni, kamera ikichungulia nje. Wewe huhitaji ng'ombe. Kaa nyuma ya majani ya migomba au kitenge cha rangi ya kijani kilichotundikwa, tulia nusu saa, na ndege watakusahau.

Anza nyumbani. Chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda, hurudi mara kwa mara kwenye ua lile lile la mgomba. Lichunguze siku mbili, ujue anatua upande gani, kisha kaa ukiwa na jua mgongoni. Asubuhi hadi saa tatu mwanga ni mzuri. Jua la saa sita humtia ndege kivuli cheusi usoni. Ukungu wetu wa Usambara haudhuru shambani, unalainisha mwanga, lakini ndani ya msitu unaleta giza ambalo simu nyingi haziliwezi.

Kuvuta picha kwa vidole hakusaidii sana, maana mara nyingi simu inakuza picha tu bila kukuletea ndege. Ukipata darubini ya kuazima, gandisha kamera ya simu kwenye kioo unachochungulia, sogeza taratibu mpaka duara jeusi lipungue, bana viwiko kwenye mbavu au egemea mti. Gusa kioo cha simu pale lilipo jicho la ndege. Jicho likiwa limefifia, picha imeharibika hata kama mkia umetoka safi. Piga nyingi, futa nyingi. Jaribu pia kuwa usawa mmoja na ndege. Ukimpiga kutoka chini utapata tumbo.

Ukifanikiwa utaona mambo ambayo kwa macho hupita haraka. Shorobo wa milima hii ana duara jekundu kuzunguka jicho na mabaka meupe usoni, na ile rangi nyekundu ya mabawa, inayojificha anapotulia, ina madini ya shaba ndani yake.

Pa kukaa mbali kabisa ni kwenye kiota. Mchukulie hondohondo. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa kwa udongo anaoletewa na dume, unabaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu akilishwa matunda na dume. Watu wakisimama chini ya mti na kamera, dume huogopa kutua, na waliomo ndani wanakaa na njaa. Nawaambia hasa vijana wanaoongoza wageni: bakshishi ya siku moja isikufanye umsogeze mgeni pale. Mti ukiachwa, mwakani huna cha kumwonyesha.

Kuna na mengine. Kumchezea ndege sauti ya mwenzake kwenye simu humfanya adhani eneo lake limevamiwa, akaacha kula na kulea ili apigane na adui asiyekuwepo. Bundi asimulikwe flashi machoni usiku. Na simu nyingi huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kumpiga ndege adimu, usije ukamwelekeza mtegaji. Kukamata ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Shambani kwako piga utakavyo. Msitu wa Mazumbai uko chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa hiyo ruhusa inatoka kwao. Hifadhi ya Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuna kiingilio. Msitu wa kijiji, pita kwanza ofisi ya kijiji.

Picha nzuri unaweza kuiweka bure kwenye eBird, programu ya simu inayokusanya kumbukumbu za ndege duniani. Andika tarehe, saa na jina la kijiji. Mti usiutaje.