Nani Alipie Jiko la Mwanafunzi? Gharama za Mafunzo ya Upishi Zaidi ya Ada

Kijana mwenye bidii anapotaka kusomea upishi, watu wote wanaomtakia mema huuliza swali moja: ada ni kiasi gani? Mzazi hutafuta ada, ndugu huchangishana ada, mfadhili akijitokeza huahidi ada. Makala hii inadai kwamba swali hilo, ingawa lina nia njema, halilengi mahali panapobana. Kinachowakwamisha wanafunzi wengi wa upishi katika Tanzania na Kenya ni gharama za jikoni na za miezi ya mafunzo kazini, ambazo hazionekani kwenye hati ya malipo ya chuo. Gharama hizo, kwa haki na kwa hesabu, zingepaswa kubebwa kwa sehemu kubwa na sekta ya hoteli kupitia tozo ambazo tayari zipo kisheria.

Sera za nchi zote mbili zimeitazama ada kana kwamba ndiyo kizuizi pekee, na kwa kiasi fulani zimefanikiwa kuipunguza. Nchini Tanzania, katika vyuo vya kawaida vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ada ya kozi ndefu kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kenya nayo ilipopanga upya ada za vyuo vya ufundi vya umma mwaka 2018, iliiweka kwenye shilingi 56,420 za Kenya kwa mwaka, serikali ikilipa 30,000 kati ya hizo, na mwanafunzi akiruhusiwa kuomba mkopo kwa kiasi kinachobaki. Hatua hizo zinastahili sifa. Lakini ada nafuu haimaanishi kwamba mafunzo ni nafuu. Chuo kinachopokea kidogo hununua viambato kidogo, na upungufu huo hulipwa na mwanafunzi, ama kwa fedha yake, ama kwa ujuzi anaoukosa.

Upishi hujifunzwa kwa kuharibu vitu vinavyonunuliwa. Chukua mayonezi. Kiini cha yai na mafuta hushikana iwapo tu mafuta yanamiminwa kwa uzi mwembamba huku mkono ukipiga bila kusita. Mkono ukiharakisha, mchanganyiko hukatika, mafuta hujitenga, na njia ya kuuokoa ni kuanza na kiini kingine. Anayejifunza utamkatikia mara kadhaa kabla mkono haujazoea. Au chukua kuku wa kukatwa vipande vinane. Kisu hakina budi kupita katikati ya kiungo, si kupasua mfupa, na pahali pa kiungo hupatikana kwa ncha ya kidole, hapapatikani kwa macho. Kuku mmoja akiletwa mbele ya wanafunzi kumi, mmoja amekata na tisa wametazama. Wote kumi watapewa cheti kilekile, na mpishi mkuu wa hoteli atawatambua wale tisa siku ya kwanza. Ongeza hapo vitu ambavyo mwanafunzi hutakiwa kuja navyo: koti jeupe la mpishi, aproni, kofia, viatu vinavyofunika vidole na visivyoteleza kwenye sakafu yenye mafuta, seti ya visu. Nchini Kenya kila anayeshika chakula cha umma hupaswa kupimwa afya kila baada ya miezi sita, na kipimo hicho nacho hulipiwa.

Mzigo mkubwa zaidi huja wakati wa fildi, yaani ile miezi ya mafunzo kazini. Hoteli nyingi zenye jiko la kumfunza mtu zipo pwani ya mashariki ya Unguja, Diani, Arusha na pembezoni mwa hifadhi, yaani mbali na kwao wanafunzi wengi, na mara nyingi mahali ambapo watalii wamepandisha bei ya chumba cha kupanga. Zamu ya kifungua kinywa huanza kabla daladala hazijaanza kutembea; zamu ya usiku huisha zikiwa zimeshalala. Posho, pale inapotolewa, haifikii kodi na nauli. Kwa miezi hiyo mwanafunzi humenya, hukata, huosha na hupanga sahani kama mwajiriwa, huku akiilipia nafasi hiyo kwa fedha za wazazi wake. Ufadhili wa ada haumfikii hapo, na mwenye bidii asiye na ndugu wa kumhifadhi mjini hujikuta akichagua hoteli ya karibu na kwao, hata kama jiko lake halina cha kumfundisha.

Nani alipe basi? Kenya ililijibu swali hili mapema. Tangu mwaka 1972 hoteli na migahawa imetozwa asilimia 2 ya mauzo kwa ajili ya mafunzo na maendeleo ya utalii, na Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kilijengwa juu ya wazo hilo: anayekula hotelini huchangia kumsomesha atakayempikia kesho. Chuo kina hoteli yake ya mafunzo, ambapo chakula kinachopikwa na wanafunzi huuzwa kwa wageni badala ya kuwa hasara tupu. Tanzania ilichagua njia pana zaidi. Tozo ya Kuendeleza Ujuzi hutozwa kwenye mishahara katika sekta karibu zote. Kiwango chake, kilichokuwa asilimia 6, kimeshushwa mara kadhaa. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ya makusanyo ndiyo iliyokwenda VETA, na sehemu kubwa iliyobaki ikasaidia mikopo ya elimu ya juu. Matokeo yake yanashangaza ukiyafikiria: mshahara wa mpishi wa hoteli ulitozwa, na fedha hiyo kwa sehemu kubwa ikamsomesha mwanafunzi wa chuo kikuu, wakati Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haikumhesabu mwanafunzi wa cheti cha upishi. Ilipoanza kukopesha wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/2024, ilianza na fani chache za vipaumbele. Wakati huohuo halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mama lishe ni miongoni mwa wanaonufaika. Kwa maneno mengine, serikali iko tayari zaidi kumkopesha mtu afungue jiko kuliko kumkopesha ajifunze kulitumia.

Pendekezo ninalolitetea ni dogo: sehemu ya tozo inayotoka hotelini itengwe kwa ajili ya viambato vya mazoezi, mkopo wa vifaa, na posho ya fildi inayolipwa kwa mwanafunzi mwenyewe kila mwezi, baada ya hoteli kuthibitisha mahudhurio yake.

Wapo watakaosema upishi hujifunzwa jikoni, si chuoni, na kwamba wapishi wengi hodari hawakusoma popote. Ni kweli, na ndiyo maana VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Ila anayeanza kwa kuosha sufuria hufundishwa kile tu ambacho jiko lile linahitaji wiki ile. Mpango wa uanagenzi wa hoteli nchini Tanzania, ulioanzishwa kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, ukikihusisha Chuo cha Taifa cha Utalii, umegawa muda kati ya darasa na hoteli, na umeonyesha kwamba hakuna haja ya kuchagua kimoja.

Pingamizi zito zaidi ni la uhamaji: tuwagharimie, kisha waende Dubai au Muscat? Baadhi wataenda, na wengi wao hutuma fedha nyumbani. Hoja hiyo, ikitazamwa vizuri, inaunga mkono tozo ya pamoja. Hoteli moja moja haithubutu kumfunza mtu kwa sababu jirani atamchukua. Zikichangia zote, anayehama kutoka moja kwenda nyingine bado ni faida ya mfuko. Pingamizi kwamba hoteli zimechoka na tozo nalielewa, lakini sipendekezi tozo mpya. Napendekeza ile wanayoilipa irudi jikoni.

Mabadiliko ya sheria huchukua miaka, na wapo wanafunzi wanaoacha chuo muhula huu. Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa mfadhili, awe mtu binafsi, msikiti, kanisa au kikundi cha familia: ukishalipa ada, omba orodha ya vifaa na tarehe ya kuanza fildi, na utenge fedha za chumba na nauli kabla tarehe hiyo haijafika.