Kompyuta Nyembamba: Ubongo Unakaa kwa Nani?

Ukipita kwa wauzaji wa kompyuta za mtumba hapa Nairobi utaona viboksi vidogo, ukubwa wa dekoda ya TV, vimerundikwa pembeni kama vitu ambavyo hakuna mtu anavitaka. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Hizo zilikuwa za ofisi, hazina nguvu." Ni kweli hazina nguvu. Lakini nyuma ya hivyo viboksi kuna mvutano wa zaidi ya miaka 60, na mimi naona unatuhusu sana sisi tunaotafuta riziki kwa skrini.

Wacha nieleze kwanza. Kiboksi hicho nitakiita kompyuta nyembamba. Kazi yake ni kukuonyesha picha kwa skrini na kupeleka unachoandika na unachobonyeza hadi kwa kompyuta nyingine, yaani seva. Programu zinaendeshwa huko. Faili zinalala huko. Ile kompyuta unayoiona mbele yako ni kompyuta pepe: unaitumia kama kawaida, lakini mwili wake uko kwingine. Kwa hivyo kabla uulize RAM ni ngapi, kuna swali lingine la kuuliza. Huo ubongo unakaa kwa nani?

Turudi nyuma. Miaka ya 1950 kompyuta ilikuwa chumba kizima. Ulitoboa programu yako kwa kadi, ukampa mhudumu, halafu ukangoja. Saa kadhaa, ama hadi kesho. Ukikosea alama moja tu, unaanza foleni upya. Halafu Novemba 1961, pale MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake wakaonyesha mfumo ulioitwa CTSS. Wazo lenyewe halikuwa gumu: kompyuta ina kasi kuliko binadamu, kwa hivyo wakati wewe bado unatafuta herufi ya pili, yenyewe inaweza kumhudumia mtu mwingine. Inawazungukia watu haraka hadi kila mmoja anahisi mashine ni yake peke yake. Wewe mbele yako una kitu kama taipureta, kimeunganishwa kwa waya. Hiyo ndiyo nyanya ya kompyuta nyembamba.

Mwaka huo huo wa 1961, MIT ikisherehekea miaka 100, John McCarthy alisema siku moja nguvu ya kompyuta inaweza kuuzwa kama huduma ya simu. Kwa hivyo mtu akikwambia "wingu" ni teknolojia mpya, mpe soda akae chini. Wazo lina umri wa babu yako.

Kuna waliolitumia wazo hilo vizuri. Katika chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz waliwasha mfumo wao pamoja na lugha ya BASIC alfajiri ya 1 Mei 1964. Lengo lao lilikuwa mwanafunzi yeyote, hata wa fasihi, aweze kukaa na kutumia kompyuta bila kuomba ruhusa. Kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Ubongo ulikuwa wa chuo, sawa, lakini mlango ulikuwa wazi.

Lakini kukaa kwa ubongo wa mwingine kuna bei yake, na ilionekana mapema. CTSS ilikuwa kati ya mifumo ya kwanza kutumia nenosiri, na kila mtu alipewa saa chache tu za kutumia mashine. Mwaka wa 1962, mtafiti mmajowapo, Allan Scherr, saa hazikumtosha. Akaomba mashine imchapishie faili yenye manenosiri ya wote, ikamchapishia, akaanza kutumia saa za wenzake. Halafu 1966 kukatokea hitilafu, faili ya manenosiri ikachanganyika na ujumbe wa makaribisho. Kila aliyeingia akasalimiwa na siri za watu wote! Hapo hakukuwa na mdukuzi kutoka nje. Ni vile tu vitu vya kila mtu vilikuwa mahali pamoja, na anayefika mahali hapo anaona yote.

Kwa hivyo usishangae watu walikimbia. Apple II ilitoka 1977. IBM PC ikafuata Agosti 1981. Ghafla ubongo uko mezani kwako, na yule bwana wa chumba cha mashine hana la kukwambia. Watu walifurahia, na nawaelewa. Ila sasa kila mmoja akawa fundi wa mashine yake: virusi vyake, diski yake ikikufa, kazi zake zikipotea.

Mwaka wa 1995 Larry Ellison wa Oracle akajaribu kurudisha gurudumu nyuma. Akasema tutengeneze kompyuta ya dola 500, isiyo na mambo mengi, itegemee mtandao. Haikushika. PC zenyewe zilishuka bei hadi chini ya dola 1,000, na intaneti ya majumbani bado ilikuwa ile ya kupiga simu, inalia kama redio imekosa stesheni. Nani angeweka kazi yake yote mwisho wa waya kama huo?

Kwa ofisi mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu ofisi ina waya wake ndani ya jengo. Citrix ilianzishwa 1989, na baadaye ikafanya Windows itumike na watu wengi kutoka kwa mashine moja. Microsoft ikaichukua teknolojia hiyo kwa leseni, na 1998 ikatoa toleo la Windows NT 4.0 la kazi hiyo, pamoja na RDP, lugha ambayo kompyuta nyembamba nyingi zinaongea hadi leo. Mabenki na hospitali wakanunua viboksi kwa wingi. Kampuni ya Wyse ilijulikana kwa viboksi hivyo hadi Dell ikainunua 2012. Ofisi hizo zikibadilisha vifaa, vya zamani vinauzwa kama mtumba. Ndio hivyo unaviona hapa mjini.

Mimi nilikutana navyo chuoni, kabla niache masomo. Maabara nzima, viboksi 40, seva moja kwenye chumba kilichofungwa, na ufunguo uko na mtu mmoja. Seva ikilala, wote 40 tunaangalia skrini nyeusi tukimngoja mwenye ufunguo atoke lunch. Wengi walitoka pale wakiamini hizo mashine ni takataka. Lakini kiboksi kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri. Kilichotusumbua ni kwamba ubongo ulikuwa wa mtu ambaye hakuwa na haja nasi.

Sasa angalia tulipo. Agosti 2021 Microsoft ilileta Windows 365: kompyuta pepe unayokodi kwa mwezi, iko kwa seva zao. Kampuni kubwa inaweza kuona hesabu hiyo ni sawa. Lakini wewe na mimi? Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Ukikodi ubongo kwa dola huku unalipwa kwa shilingi, kodi inapanda na hakuna mtu amekuuliza. Na mwezi utakaokosa kulipa, si ati utabaki na kompyuta ya polepole. Utabaki bila kompyuta. Hata ukilipa, mwenye ubongo anaweza kufunga duka. Google ilifungua Stadia Novemba 2019, michezo ya video ikiendeshwa kwa seva zake, na 18 Januari 2023 ikazima. Pesa za michezo walirudisha, ndiyo. Lakini uamuzi ulikuwa wao.

Halafu kuna waya. Sisi tuliunganishwa na nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, mwaka wa 2009. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Siku kama hiyo, kompyuta yako ikiwa ng'ambo, wewe umeachwa na kiboksi kitupu.

Ndiyo maana nasema kuna njia ya tatu, na haizungumziwi sana: ubongo mmoja, lakini uwe kwako. Hili halikuwezekana kwa mtu wa kawaida hadi juzi juzi. Mwaka wa 2007 Linux iliingiziwa KVM, inayowezesha mashine moja kugawanywa kuwa kompyuta pepe kadhaa. Mwaka wa 2008 ikaja Proxmox, inayokuwezesha kusimamia hayo yote kwa kivinjari, na unaweza kuitumia bila kulipa. Kazi iliyohitaji chumba kizima MIT sasa inafanywa na deskitopu ya mtumba chini ya meza.

Kwetu iko hivi. Deskitopu moja ya zamani, RAM ya GB 32, diski ya SSD, imekaa kona ya chumba changu. Ndani yake kuna kompyuta pepe tatu: yangu ya kazi, ya dada yangu mdogo ya shule, na ya mama ya hesabu za chama. Sebuleni kuna kiboksi kimoja, jikoni kingine. Kiboksi kinakula stima kidogo, karibu wati 10, hakina feni, hakina kelele. Nimepitisha waya wa mtandao badala ya kutegemea Wi-Fi, kwa sababu waya hautetemeki jirani akiwasha maikrowevu. Dada akianza insha sebuleni, anaimalizia jikoni pale pale alipoachia. Intaneti ikikatika, bado anaandika, maana seva iko ukuta wa pili.

Ukitaka kujaribu, jua mambo matatu. Windows ya Home haikubali kuingiwa kwa RDP, inataka Pro. Linux ukiiwekea xrdp inakubali. Pili, usifungue mlango wa RDP moja kwa moja kwa intaneti, wezi wanautafuta usiku na mchana. Ukiwa nje pitia VPN kama WireGuard. Tatu, RDP ni ya kuandika na kuvinjari. Kuhariri video kunataka kadi ya michoro na njia nyingine, na mimi video bado nazihariri nikiwa nimekaa kwa mashine yenye kadi.

Na sikuuzii ndoto. Seva ikikufa, nyumba nzima imesimama, kwa hivyo nakala za faili zinakaa kwa diski ya nje, kila Jumapili. Stima ikipotea nchi nzima kama 25 Agosti 2023, UPS itakupa dakika chache za kuzima vizuri, basi. Na kama unaishi peke yako na laptopu yako iko sawa, tulia nayo.

Lakini jambo linalonifikirisha zaidi si la ufundi. Nikiweka seva kwangu, mwenye ufunguo sasa ni mimi. Naweza kufungua diski ya dada yangu nikasoma anachoandika. Naweza kumzimia kompyuta tukikosana. Mama anaandika nani hajalipa chama, na hayo si mambo yangu. Kwa hivyo diski zao zimefungwa kwa manenosiri yao, si yangu. Na karatasi yenye maagizo ya kuwasha na kurudisha nakala imekaa kwa droo ya mama, ili siku nikiwa mbali asimngoje mtu.

Kemeny na Kurtz walielewa hilo 1964: ubongo ukiwa mmoja, mlango lazima uwe wa wote. Ukinunua kiboksi kesho, waya utauunganisha kwa dakika kumi. Kabla hujafanya hivyo, kaa na watu wako muulizane nani atashika ufunguo, na wengine watafanya nini asipokuwepo.