Mpunga ulibaki bondeni

Sisi wa visiwani tunaupenda mchele wa Rufiji na Kibiti, ila tuwakumbuke waliouhangaikia. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya juu: ndiyo Operesheni Rufiji. Huduma walizipata kwa pamoja, lakini mpunga ulibaki bondeni. Mama akatembea mwendo mrefu, jembe begani, mtoto mgongoni, au akahamia dunguni kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikampa mwanamke haki sawa ya ardhi. Dini nayo imeshampa mali yake. Tujiulize basi: hati ya shamba tunalolima, majina yetu yamo?