Baiti 24 Zilizozidi Kilo

Gaithersburg ni mji wa Maryland, kaskazini-magharibi mwa jiji la Washington. Humo imo taasisi ya serikali ya Marekani inayotunza kipande cha platini na iridi chenye nambari 20, kilichovuka bahari kutoka Ufaransa na kufunguliwa mbele ya Rais Benjamin Harrison tarehe 2 Januari 1890, kiwe kilo ya taifa zima. Taasisi hiyo ni NIST, iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa jina la Ofisi ya Taifa ya Viwango. Kwa watu wa kazi ya vipimo, kilo ni elfu moja kamili: gramu elfu, mita elfu, wati elfu. Mafundi wa kompyuta walipozoea kuita baiti 1,024 kilobaiti, waliazima neno lenye maana yake na kulirudisha likiwa na nyongeza. Ninavyoona mimi, hesabu yao ilikuwa sahihi. Walichokosea ni jina, na jina likikosewa kwenye mizani, anayeumia ni mnunuzi.

Hiyo 1,024 haikutoka hewani. Kila waya unaotafuta mahali ndani ya kumbukumbu ya kompyuta una hali mbili tu, kwa hiyo waya kumi hufikia sehemu nyingi kama mbili kumi zikizidishwa pamoja, yaani 1,024. Ofisi hiyohiyo, ilipokuwa bado Connecticut Avenue ndani ya Washington, iliijenga SEAC mwaka 1950, kompyuta iliyoanza na mirija 64 ya zebaki, kila mmoja ukishika maneno 8 ya mashine, jumla 512, yaani nusu ya 1,024. Hapo ndipo Russell Kirsch, mfanyakazi wa ofisi hiyo, mwaka 1957, alipoingiza kwenye mashine picha ya mwanawe mchanga. Picha yenyewe ilikuwa ya sentimita tano kwa tano, ikakatwa kuwa nukta 176 kwa 176, kila nukta biti moja, nyeusi au nyeupe. Ukizidisha unapata biti 30,976. Ukigawa kwa nane unapata baiti 3,872. Kwa kilo ya elfu, hizo ni kilobaiti 3.87, kwa kilo ya 1,024, ni 3.78. Nani angegombania tofauti hiyo?

Lakini tofauti ndogo ikizidishwa kila ngazi haibaki ndogo. Kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye mega inakaribia 5, kwenye giga inapita 7, na kwenye tera inafika karibu 10. Ndiyo maana diski iliyoandikwa gigabaiti 500 kwenye boksi husomeka 465 kwenye kompyuta nyingi, na mwenyewe akadhani ameibiwa. Mfano wa kusikitisha zaidi ni ile disketi ya zamani ya inchi tatu na nusu. Ina pande 2, njia 80 kila upande, vipande 18 kila njia, na baiti 512 kila kipande: jumla baiti 1,474,560. Watengenezaji waliigawa kwanza kwa 1,024, wakapata 1,440, kisha wakaigawa kwa 1,000 na kuiandika 1.44. Megabaiti hiyo si ya milioni wala si ya 1,048,576. Ni ya tatu, isiyo na baba. Hata pwani yetu, pishi ya nafaka ilikuwa vibaba vinne. Muuzaji aliyetaka kupima vibaba vitano hakuruhusiwa kuviita pishi.

Desemba 1998 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, yenye makao Geneva, ilipitisha majina mapya: kibibaiti kwa 1,024, kisha mebibaiti, gibibaiti na kuendelea. NIST ililiunga mkono jambo hilo na kulieleza kwa umma. Wapinzani walisema, na bado wanasema, kwamba 1,024 ndiyo asili ya kompyuta. Ni kweli kwa chipu za kumbukumbu, lakini si kweli kwa nyaya: modemu ya kilobiti 56 ilihesabiwa biti 56,000. Diski nazo hazina sababu ya kufuata mbili mbili. Wengine wanasema majina haya yanakera sikio na hayatumiki. Ni kweli Windows bado inaandika GB ikimaanisha gibibaiti. Lakini Apple iligeukia hesabu ya elfu kwenye kompyuta zake mwaka 2009, na programu nyingi za Linux huandika GiB waziwazi. Sikio huzoea, hata neno baiti lilikuwa geni lilipobuniwa mwaka 1956. Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba hesabu ya elfu inawanufaisha watengenezaji, kwa kuwa namba ya boksi huonekana kubwa. Inawanufaisha kweli, ila dawa yake ni kioo cha kompyuta kuandika kipimo kwa jina lake, ili mnunuzi alinganishe kilo na kilo.

Jambo hili halikuishia kwa wenye diski. Leo, Dar es Salaam au Mombasa, bando hununuliwa kwa GB, na mnunuzi ana haki ya kujua anapewa ipi, ya baiti 1,000,000,000 au ya 1,073,741,824. Kati ya hizo mbili kuna baiti 73,741,824, ambazo zingetosha kuhifadhi picha ya mtoto wa Kirsch zaidi ya mara 19,000.