Huzuni ya Msiba Katika Umri wa Kati: Nani Anamfariji Mwenye Kusimamia Kilio?



Mtu akifariki katika familia zetu, swali la kwanza ni hili: nani atasimamia kilio? Mara nyingi jibu ni mtu wa miaka 40 hadi 60. Wazee wamechoka, vijana hawana kitu. Yeye ndiye anatafuta sanduku, analipa chumba cha maiti, anakodi viti na mahema, anawapokea wageni waliotoka Beni au Uvira, anashika daftari la michango. Siku ya mazishi anatoa shukrani kwa niaba ya jamaa. Watu wanamsifu kwamba amesimama imara. Viti vinarudishwa, wageni wanapanda gari, na hakuna aliyemwona akilia.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Tunayaandika kwa ajili yake, na pia kwa wachungaji, mashemasi na mama wa kanisa wanaomtembelea.

Misiba ya umri huu

Kufiwa na wazazi. Mtu wa miaka 50 akimzika mama yake, watu husema mama alikula chumvi nyingi, tushukuru. Ni kweli tushukuru. Lakini siku hiyo ametoweka mtu wa mwisho aliyekuwa anamwita mtoto. Kesho yake wadogo zake wanaanza kumletea mashauri yao, minervali ya watoto wao na ugomvi wa shamba. Amekuwa mkubwa wa familia kabla machozi hayajakauka.

Kufiwa na mume au mke. Hapa mzigo wa nyumba uliobebwa na wawili unabaki kwa mmoja, watoto wakiwa bado shuleni. Kwa mjane, mara nyingi huongezeka hofu ya jamaa wanaokuja kuhesabu mabati na masufuria.

Kufiwa na mtoto. Mzazi alitazamia azikwe na mwanawe, na sasa yeye ndiye amemzika. Msiba huu haupimwi kwa umri wa mtoto.

Kupoteza bila kuaga. Wengi katika Kivu na Ituri wana ndugu waliopotea wakati wa kukimbia vita, na hawajui kama ni hai au wamekufa. Wakati wa Ebola, mwaka 2018 hadi 2020, familia nyingi hazikuweza kuosha wala kuvalisha miili ya wapendwa wao. Maiti zilizikwa na timu zilizovaa mavazi ya kinga, jamaa wakiangalia kwa mbali. Sheria hiyo iliokoa maisha. Hata hivyo, wako waliozika namna hiyo ambao mpaka leo kilio chao hakijaisha.

Maandiko yanatuonyesha nini

Katika Mwanzo 23, Sara amekufa akiwa na miaka 127. Abrahamu ana kazi kubwa mbele yake: yeye ni mgeni katika nchi hiyo, hana hata mahali pa kuzikia. Atapatana na Efroni mbele ya watu wa mji na kulipa shekeli 400 za fedha. Lakini tuangalie mstari wa 2 na wa 3. Kwanza alimlilia mke wake, kisha ndipo akasimama kutoka mbele ya maiti na kuanza mapatano. Sisi mara nyingi tunampeleka mwenye msiba sokoni kabla hajalia.

Naomi naye aliondoka Bethlehemu kwa sababu ya njaa, na huko ugenini Moabu akamzika mume, kisha wana wawili. Aliporudi aliwaambia wanawake wa mji wamwite Mara, maana yake uchungu, akasema wazi kwamba Mungu ndiye aliyemtesa (Ruthu 1:20-21). Hatusomi popote kwamba walimkemea. Ruthu hakumpa mahubiri. Alikwenda shambani kuokota masuke ili wapate kula.

Na Bwana wetu, ambaye alijua atamfufua Lazaro, alilia (Yohana 11:35). Mtume Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwaonya wasihuzunike kama watu wasio na tumaini (1 Wathesalonike 4:13).

Huzuni iliyofungwa inavyojitokeza

Sisi tunaoandika haya hatukujifunza jambo hili katika shule ya teolojia. Tulipomzika baba yetu, tulisimamia kila kitu, na Jumapili iliyofuata tukapanda madhabahuni kuhubiri. Waamini walitusifu. Miezi minane baadaye, tukiwa tunamzika mzee mmoja ambaye si ndugu yetu, sauti ilikatika katikati ya sala. Shemasi alichukua kitabu mikononi mwetu akamaliza ibada. Hapo tulielewa kwamba baba yetu tulikuwa hatujamlilia.

Kwa wengine huzuni inakuja kwa njia nyingine: kukosa usingizi, maumivu ya kichwa na mgongo yasiyopona, hasira kwa watoto, pombe, kazi isiyo na pumziko, kuacha kuimba katika kwaya bila sababu. Tusikimbilie kusema mtu huyo amerudi nyuma katika imani. Tumuulize kwanza ni nani aliyemzika.

Kanisa lifanye nini

1. Tumpokonye daftari. Siku mbili za kwanza, shemasi mmoja na mama mmoja wa kanisa washike michango, chakula na wageni. Mwenye msiba akae na maiti wake na watu wake.

2. Tuchunge maneno. Tusimwambie "usilie, wewe ni mkubwa". Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Makosa yao yalianza walipoanza kueleza.

3. Turudi matanga yakiisha. Paruasi iandike tarehe ya kila kifo. Tumtembelee baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita, na siku mwaka unapotimia. Tulitaje jina la marehemu. Mara nyingi yeye anaogopa kulitaja peke yake.

4. Tumlinde mjane na yatima. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, na sehemu yao ni robo tatu ya mali. Mume au mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kutumia nyumba waliyokaa pamoja na vyombo vyake. Mchungaji anayejua hili aliseme katika kikao cha familia, kwa upole, mbele ya baba wadogo na mashangazi wote.

5. Pasipo kaburi, tufanye ibada ya ukumbusho. Familia ilete picha au nguo, jina lisomwe, watu walie. Kwa waliopotea tusitangaze kifo ambacho hatukijui. Tuwaweke mikononi mwa Mungu anayejua walipo.

6. Tujue mpaka wetu. Shirika la Afya Duniani linatambua kwamba huzuni kali inayopita miezi sita, ikazidi desturi ya jamii ya mtu na kumzuia kuishi na kufanya kazi, inaweza kuwa ugonjwa unaohitaji matibabu. Mtu akisema anataka kumfuata marehemu, tusingoje hata siku moja, wala tusimwache peke yake. Kituo cha Tulizo Letu kule Goma na SOSAME kule Bukavu vinatibu wagonjwa wa akili. Kumsindikiza ndugu huko si kukosa imani.

Kwako uliyesimamia kilio cha wengine

Chagua mtu mmoja unayemwamini, umwambie habari za marehemu tangu mwanzo. Nenda kaburini bila wageni. Wadogo zako wakileta mashauri, waambie wangoje kidogo. Jumapili usipoweza kuimba, kaa tu katikati yetu, sisi tutaimba. Na ukitaka kulia, nyumba ya mchungaji wako iko wazi.

Mungu, Baba wa faraja, awatunze ninyi nyote mlio katika msiba. Amina.