Safu za Mbele Kabla ya Filimbi

Kila mwaka, dirisha la usajili linapofunguliwa, mashabiki wa soka Tanzania huanza kupanga ngazi za safu za ushambuliaji ambazo bado hazijacheza hata dakika moja: nani ana mawinga wakali, nani ana namba tisa wa uhakika, nani ameungaunga tu. Mabishano haya yana historia, na historia hiyo huonekana vizuri zaidi ukiitazama kutoka mbali na Dar es Salaam. Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, mji unaojulikana kwa asali, uko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka jijini. Kwa muda mrefu, washambuliaji wa ligi walisikika huko kabla ya kuonekana. Ligi ya taifa ilianza 1965, na mwaka huohuo ndipo Radio Tanzania Dar es Salaam ilipoundwa. Kwa msikilizaji wa mbali, mchezaji alikuwa jina lililotamkwa na mtangazaji, na jina lililotamkwa mara nyingi lilipanda ngazi. Azam TV ilipoingia mwaka 2013 na vibanda umiza vikaenea, macho yaliungana na masikio, lakini kipimo hakikubadilika sana. Hoja yangu ndiyo hiyo: orodha za kabla ya msimu zimekuwa zikipima jinsi jina linavyovuma, na ni mara chache zinapima safu yenyewe.

Ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 1986 Tukuyu Stars kutoka Rungwe ilipanda daraja na kutwaa ubingwa msimu huohuo. Hakuna orodha ya kabla ya msimu ambayo ingewapa nafasi. Msimu wa 2021/22 kiatu cha mfungaji bora kilikwenda kwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17, mbele ya washambuliaji waliosajiliwa kwa mbwembwe Simba na Yanga. Mfano unaonivutia zaidi ni wa 2023. Fiston Mayele wa Yanga, aliyekuwa amefunga mabao 17 na kulingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba kileleni, aliuzwa Pyramids ya Misri. Wengi waliishusha safu ya Yanga palepale, kwa hesabu rahisi: toa kumi na saba. Novemba 5 mwaka huo Yanga iliifunga Simba 5-1, na mabao hayo matano yaligawanywa kwa watu wanne: Musonda, Nzengeli aliyefunga mawili, Aziz Ki na Pacome. Msimu ulipoisha, Aziz Ki, kiungo, alikuwa na mabao 21 na kombe lilibaki kwa Yanga. Mlina asali hanunui mzinga kwa unene wa gogo.

Wamarekani wanaujua ugonjwa huu. Shirika la habari la Associated Press lilianza kutoa orodha ya kabla ya msimu ya timu za vyuo mwaka 1950, na kwa mpira wao ule wa Kimarekani ubishi umeshuka hadi kwenye kundi moja moja: chuo gani kina wapokeaji bora. Lakini mpokeaji hana kitu mpaka mrushaji amwone na walinzi wampe mrushaji sekunde mbili tatu. Namba tisa naye ni hivyohivyo. Kumpima bila kiungo anayemlisha ni kupima nusu ya kitu.

Atakayenipinga atasema: mbona wakubwa hushinda kweli? Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Simba ilichukua mataji manne mfululizo kuanzia 2017/18, kisha Yanga ikachukua yake manne. Ila hapo orodha imebahatisha bingwa, haijathibitisha safu. Msimu uleule wa Mpole, Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mchezo. Ubora wake ulianzia nyuma kama ulivyokuwa mbele. Mwingine atasema huu ni utani wa jadi tu, wa Wiki ya Mwananchi na Simba Day, usitafutiwe mantiki. Utani naukubali, na bila huo Agosti ingekuwa ndefu. Tatizo linaanza pale utani unapogeuka kuwa uchambuzi redioni, na mshambuliaji wa timu ya mkoani anahesabiwa kuwa yupo siku tu anapohamia Simba au Yanga.

Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda inapita Inyonga, na Tabora ilipata timu ya Ligi Kuu msimu wa 2023/24. Novemba 2024 Tabora United iliifunga Yanga 3-1 jijini Dar es Salaam. Msimu uliisha Yanga ikiwa bingwa, na mfungaji bora akiwa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16: kiungo tena.